Je, wajua kwa nini akili unde hukosea bila kusita?

Mgeni anayekuja Mombasa kwa mara ya kwanza akiuliza programu ya akili unde (AI), "Mtu anayevuka Likoni kwa miguu hulipa nauli ngapi?", anaweza kupewa jibu la kupendeza: kiasi cha shilingi, namna ya kulipa, hata ushauri wa kubeba pesa ndogo ndogo. Kumbe anayevuka kwa feri ya Likoni kwa miguu halipi kitu. Wanaolipa ni wenye magari. Mashine imesoma habari za feri za dunia nzima, na katika nyingi ya habari hizo abiria hutoa nauli, basi nayo ikajibu ilivyozoea kusoma.

Kukosea si ajabu, kila mtu hukosea. Linalostaajabisha ni kwamba jibu la kombo huja kwa sauti ileile ya jibu sahihi. Mwenyeji wa Likoni asiyejua jambo atakuna kichwa, atavuta maneno, atakwambia "hebu tumuulize yule". Mashine haisiti. Kwa nini?

Programu za aina hii, na maarufu zaidi ni ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022, hazina ndani yake daftari la mambo ya kweli. Zimefunzwa kwa kupitishwa katika maandishi mengi mno, huku zikikisia kila mara kipande cha neno kitakachofuata. Iandikie "Haraka haraka haina" nayo italeta "baraka", kwa kuwa imeyakuta maneno hayo yakifuatana mara nyingi. Iandikie "Nauli ya feri ni shilingi" nayo italeta tarakimu, kwa kuwa baada ya neno hilo ndipo tarakimu hukaa. Kazi iliyofanyika ni moja. Methali imetoka sawa kwa sababu haibadiliki, nauli imeharibika, na ndani ya mashine hakuna kengele iliyolia. Siku hizi nyingi kati ya programu hizi hupekua intaneti kwanza kabla ya kujibu. Hilo hupunguza makosa, haliyamalizi.

Iko sababu ya pili, na hii ni ya kujitakia. Septemba 2025 watafiti wa OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, walieleza kwamba mitihani inayotumiwa kupima na kulinganisha programu hizi hutoa alama kwa jibu sahihi, sufuri kwa jibu la makosa, na sufuri vilevile kwa "sijui". Katika mtihani wa namna hiyo anayebahatisha atamshinda anayekiri. Mashine ikafinyangwa ipende kubahatisha.

Kwetu tatizo huzidi. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO, lakini maandishi yake kwenye intaneti ni haba mno ukiyaweka kando ya Kiingereza. Na mengi ya yaliyoandikwa kuhusu Mombasa yanahusu fukwe na hoteli. Kisauni ya wakaazi, bei za soko la Kongowea, mambo ya Changamwe, hayo mashine imeyachungulia tu kwa dirishani.

Sasa, mtu afanyeje kazi na chombo kisichojua kuwa hakijui? Mabaharia walikutana na swali hili kabla yetu, na jibu lao lilitokana na hasara.

Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty ilikuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston, Marekani, ikiwa na watu 1,509. Haikukaa hata saa nzima baharini waya wa antena ya GPS, kifaa kinachotambua mahali kwa kutumia setelaiti, ukachomoka. Kifaa, kwa kukosa setelaiti, hakikuzima wala hakikugoma. Kiliendelea kuonyesha mahali pa meli kwa kukadiria tu, kutokana na mwendo na mwelekeo, bila kujua upepo na mkondo vinaisukuma wapi. Alama ya kuonyesha kwamba kinakisia ilikuwepo, lakini ilikuwa herufi ndogo mbili tatu pembeni mwa kioo. Usukani wa kujiendesha wenyewe ukazifuata namba hizo kwa saa 34.

Maofisa hawakulala. Kila saa waliweka alama kwenye ramani, na kila alama waliipata kutoka kwa kifaa kilekile kilichokuwa kinakosea. Chombo cha pili cha kupimia mahali kilikuwepo na kilikuwa kizima, hakuna aliyelinganisha. Rada ilipoonyesha boya, waliamini ni boya walilolitarajia, ilhali lilikuwa jingine kabisa. Hata mlinzi wa zamu aliporipoti kuona maji meupe mbele, meli haikubadili njia. Usiku wa tarehe 10 ikapanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, ikiwa imepotea njia kwa takriban maili 17. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa wala kuumia.

Mimi kisa hiki hunikaa moyoni kuliko hadithi zote za roboti watakaotupindua. Hapakuwa na uasi wa mashine, na wenye meli hawakuwa wavivu. Walikagua kwa bidii, ila waliikagua mashine kwa mashine yenyewe. Anayeiuliza programu, "Je, una hakika?", kisha akatulia ilipojibu "Ndiyo", amefanya lilelile.

Sasa njoo Kilindini, bandari ya Mombasa. Meli kubwa inapokaribia Mombasa hupokewa na rubani, mtu wa bandari anayeijua njia ya kuingilia, mkondo, na maji yanavyojaa na kupwa. Hupanda kwa ngazi ya kamba, akasimama kando ya nahodha na kuielekeza meli mpaka gatini. Wengi hudhani kwamba rubani akishapanda, nahodha huenda kunywa kahawa. La. Kanuni za kimataifa za ubaharia husema kuwepo kwa rubani hakumwondolei nahodha jukumu la usalama wa chombo chake. Humsikiliza, humpa heshima ya ujuzi wake, na akiona meli inapelekwa miambani ana wajibu wa kuingilia. (Mfereji wa Panama una sheria yake, huko rubani ndiye mwenye amri. Lakini Panama ni Panama.)

Mpango huu ndio naona unatufaa kwa akili unde: ishauri, ielekeze, hata ishike kazi kubwa, lakini awepo nahodha mwenye jina. Na bila shaka wako watakaojaribu kukwepa. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. ChatGPT ndiyo iliyozitunga. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Hakuwalaumu kwa kutumia teknolojia, aliwalaumu kwa kutozihakiki na kwa kuendelea kuzitetea walipoulizwa. Mwaka uliofuata shirika la ndege la Air Canada lilidai mbele ya baraza la madai madogo la British Columbia kwamba roboti wa mazungumzo kwenye tovuti yake, aliyempa mteja habari za makosa kuhusu nauli ya msiba, ni kitu kinachojitegemea na kijibebee lawama chenyewe. Baraza likakataa, likaamuru mteja alipwe. Tovuti ni yako, na maneno ya roboti wako ni yako.

Tuseme basi wewe ni wakala wa forodha, ofisi yako iko Moi Avenue, na kontena la mteja linangoja. Kila bidhaa ina namba yake: tarakimu 6 za kimataifa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2 zikawa 8. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama ushuru, kwa bidhaa nyingi, ni asilimia 0, 10, 25 au 35. Pampu kamili na spea za pampu hazikai namba moja. Kuiomba akili unde ikupendekezee namba si dhambi, tena huokoa muda. Dhambi ni kuinakili kwenye hati ya forodha bila kufungua kitabu cha ushuru ukasoma mwenyewe maelezo ya fungu lile. Kitabu ndicho chombo chako cha pili, kile ambacho Royal Majesty walikuwa nacho wasikitazame. Mamlaka ya mapato ikigundua kosa, haitaiita programu ijieleze.

Jambo jingine: ankara za mteja, namba yake ya kitambulisho na ya ushuru, usizimwage ndani ya programu ya bure. Hujui zitahifadhiwa wapi, na hukuzipewa kwa kazi hiyo.

Kuna hatari moja ambayo mabosi hawaizungumzi. Kijana anayejifunza kazi hii leo akiletewa majibu na mashine tangu siku ya kwanza, jicho la kutambua kwamba namba fulani haiko sawa atalitoa wapi? Jicho hilo hujengwa kwa kuitafutia mizigo mia namba zake kwa mkono, kukosea na kusahihishwa na mkubwa wako. Ofisi inayotaka wakaguzi wa kweli miaka kumi ijayo itawaacha vijana wake wafanye sehemu ya kazi bila mashine, hata kama inachelewesha. Vilevile, ukimpa mtu mmoja majibu mengi ayahakiki kwa asubuhi moja, hujamweka mkaguzi, umeweka muhuri.

Na je, ukiwa wewe ndiwe unayeamuliwa na mashine? Mkopo wa simu hukataliwa kwa sekunde chache, na hakuna mtu aliyekutazama. Hapa Kenya kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito kwa kompyuta peke yake. Iko mipaka, kwa mfano ukiwa umetoa idhini yako, au uamuzi ukihitajika ili kuingia mkataba. Hata hivyo, anayekuamulia kwa njia hiyo anatakiwa kukuarifu kwa maandishi, nawe waweza kumtaka autazame upya au atoe uamuzi mpya usiotegemea kompyuta pekee. Barua yenyewe ni fupi: taja tarehe, eleza uamuzi uliofanywa, nukuu kifungu, omba mtu aupitie. Usiporidhika na utakalojibiwa, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.