Mhadhiri wa famasia hajaiacha kazi ya dawa

Jijini Mwanza, kama kwingineko, wengi huamini kwamba mfamasia anayekwenda kufundisha chuoni ameiacha taaluma, na kwamba utafiti wake wa elimu ni kugawa madodoso tu. Imani hiyo inaeleweka, maana haonekani tena kwenye dirisha la dawa.

Tazama hesabu hii ya darasani. Mtoto wa kilo 12 ameandikiwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 180. Sirapu ina miligramu 120 katika mililita 5, hivyo dozi ni mililita 7.5. Mwanafunzi anayedhani zile 120 zimo katika mililita 1 atapima mililita 1.5, na huenda homa isishuke. Kutafuta kwa nini kosa hilo hurudi, na ufundishaji gani hulizuia, ni kazi ya dawa kabisa. Ufundishaji huo hupimwa kwa jaribio kabla ya somo, jingine baada yake, na jingine tena wiki kadhaa baadaye. Pasipo kundi la kulinganisha, yaani wanafunzi wasiofundishwa kwa njia hiyo, alama zinaweza kupanda kwa sababu tu maswali yamezoeleka.

Ukitaka kuhakiki, fungua makala ya utafiti ya mhadhiri huyo, sehemu ya mbinu: angalia idadi ya washiriki, kundi la kulinganisha na kibali cha maadili. Usajili wake wa ufamasia utafute kwenye rejesta ya taaluma, si kwenye kibao cha mlangoni.