Salfeti ya chuma "yenye maji" si jiwe lililolowa

Tangu habari za kinywe zishike kasi Ruangwa na Nachingwea, mazungumzo ya madini hayakosekani kwenye vijiwe vya Mtwara na Lindi. Vijana wanatumiana picha za mawe kwenye simu, wanasoma, wanaulizana, wanabishana. Mimi nafundisha kemia, na kwangu hilo ni jambo la kufurahisha kweli. Ila kuna usemi mmoja unaopindishwa kila mara: "madini yenye maji". Mtu akisoma kwamba lausenaiti ni salfeti ya chuma yenye maji, moja kwa moja anawaza jiwe lenye unyevu, kwamba ukilianika juani siku mbili litakauka, na litakalobaki ni lausenaiti ileile iliyopungua uzito. Hapana. Ukiyatoa yale maji, lausenaiti haipo tena. Kilichobaki ni kitu kingine, chenye fuwele za umbo lingine na mara nyingi jina lingine.

Maana yenyewe ni fupi. Lausenaiti ni madini adimu yanayoundwa na chuma, salfa, oksijeni na maji, na fomula yake ni Fe2(SO4)3·5H2O: kwa kila atomi 2 za chuma kuna vikundi 3 vya salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni 4, na molekuli 5 za maji. Ni nyeupe, inang'aa kama hariri, na fuwele zake ni nyuzi nyembamba zilizosongamana kuwa vibonge vidogo. Chuma chake ni kile kilichopoteza elektroni 3, yaani feri, tofauti na fero iliyopoteza 2. Ni hayo tu. Kazi kubwa iko kwenye ile 5H2O.

Chukua chumvi ya mawe inayovunwa pwani hapa kwetu. Gunia likikaa stoo miezi ya mvua, chumvi inatota, inashikana, hata gunia linadondosha matone. Ianike, maji yanakwenda zake, chumvi inabaki chumvi, fuwele zake zilezile. Maji hayo yalikuwa mgeni: yaliingia kutoka hewani, yakakaa juu ya chembe na katikati ya chembe, kwa kiasi kisicho na mpango. Leo mengi, kesho kidogo. Huo ndio unyevu.

Sasa chukua jasi ya Kilwa, ile inayochimbwa kule Makangaga. Hata ikikaa juani mwezi mzima ukiishika ni kavu kabisa, vumbi lake linabaki mkononi, na ukiikwangua kwa ukucha inaacha alama. Lakini kila kilo 100 za jasi safi zina karibu kilo 21 za maji. Hayaonekani, hayatoki ukiibana, hayakaushwi na upepo wa bahari, kwa sababu yamepangwa ndani ya fuwele tabaka kwa tabaka, molekuli 2 kwa kila kipimo cha salfeti ya kalsiamu. Hata ule ulaini wa kukwanguka unatokana nayo, maana tabaka za maji ndizo zinazoachana kirahisi. Ukiipasha jasi moto wa nyuzi 150 hivi, robo tatu ya maji hayo inatoka, na unachopata ni ule unga wa kufungia hogo hospitalini mtu akivunjika mguu. Muuguzi anaukoroga na maji, na unapoganda pale mguuni unarudi kuwa jasi, kwa kuyarudisha maji yaliyotolewa kiwandani. Jiwe moja, likipungukiwa maji linakuwa dawa ya mfupa, likirudishiwa linakuwa jiwe. Unyevu haufanyi kazi hiyo.

Salfeti za chuma ni za ukoo huohuo wa tabia, ila zenyewe zina matoleo mengi zaidi. Upande wa fero kuna melanteraiti, FeSO4·7H2O, ya kijani cha kuelekea buluu. Molekuli 6 za maji zinaizunguka atomi ya chuma kila upande, na ya 7 inakaa pembeni ikishikilia sehemu nyingine za fuwele. Karibu asilimia 45 ya uzito wake ni maji, na bado ni kitu kigumu cha kushika. Iache kwenye hewa kavu, inapoteza molekuli 3, rangi inapauka, inamomonyoka kuwa unga mweupe. Huo unga si melanteraiti iliyokauka. Ni rozenaiti, FeSO4·4H2O, madini yenye jina lake na mpangilio wake.

Wanaoona hayo ni mambo ya vitabuni waangalie vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki, vile vinavyotengenezwa kwa salfeti ya fero. Mwili unahitaji chuma, hauhitaji salfeti. Ili kumpa mama miligramu 60 za chuma, mtengenezaji akitumia salfeti yenye maji 7 lazima apime miligramu 300. Akitumia yenye maji 1, karibu miligramu 182 zinatosha. Asiyehesabu maji anakosea dozi. Ndiyo maana lebo za viwandani hutaja idadi ya maji, na ndiyo maana nasisitiza wanafunzi wasiiruke ile namba ya mwisho wa fomula eti ni pambo.

Upande wa feri, ambako lausenaiti inakaa, ukoo unaanzia sifuri. Fe2(SO4)3 isiyo na maji kabisa inaitwa mikasaiti, kwa jina la mji wa Mikasa nchini Japani, ilikopatikana kwenye nyufa zinazotoa gesi moto ya makaa ya mawe. Yenye maji 11 inaitwa kwenstedtaiti. Katikati yao kuna kadhaa, na lausenaiti ni ile ya 5. Yaani chuma ni kilekile na salfeti ni ileile kwa uwiano uleule, na kinachozitenga ni maji: ni mangapi, na yamekaa wapi.

Historia ya lausenaiti yenyewe inalithibitisha hilo vizuri kuliko maelezo yangu. Mwaka 1928 Carl Lausen alieleza kundi la salfeti alizozikuta kwenye mgodi wa United Verde, mji wa Jerome, Arizona, Marekani. Kadhaa zilikuwa hazijawahi kuelezwa, akazipa majina ya watu wa fani: butleraiti kwa ajili ya G. M. Butler, gildaiti kwa F. N. Guild, ransomaiti kwa F. L. Ransome. Hii yetu aliiita rojasaiti, kumheshimu Austin F. Rogers. Tatizo ni kwamba jina hilo lilikuwa limeshatumika kwa madini mengine, na kanuni ya fani haikubali jina moja kubeba madini mawili. Mwaka huohuo Butler, yuleyule wa butleraiti, akapendekeza iitwe kwa jina la mgunduzi mwenyewe. Hivyo aliyewapa wenzake heshima ya majina naye akapewa yake, na mimi naona ilikuwa haki.

Jina likatulia, lakini hesabu ya maji haikutulia. Vitabu vikaandika molekuli 6. Kwa miongo mingi ukifungua orodha ya madini unakuta Fe2(SO4)3·6H2O. Hadi mwaka 2005, mtafiti Majzlan na wenzake walipokichunguza kwa miale ya eksirei kielelezo cha asili kabisa cha lausenaiti, pamoja na salfeti waliyoitengeneza maabara, wakasoma mpangilio wa atomi zake. Yakawa 5. Tofauti hiyo ya molekuli moja inashusha sehemu ya maji kutoka asilimia 21.3 ya uzito hadi 18.4. Unyevu hausahihishwi hivyo. Unyevu ungebadilika kati ya asubuhi na jioni na hakuna ambaye angeuandikia makala. Watu walirudi kwenye jiwe baada ya miaka 77 kwa sababu maji yale ni sehemu ya jengo lake.

Inaundwaje? Kwa moto, na hapo ndipo uadimu wake unapoeleweka. Miamba ya United Verde ilijaa pairaiti, yaani salfaidi ya chuma, FeS2. Pairaiti ikikutana na hewa na maji inaoksidika, na mmenyuko huo unatoa joto. Kwenye mgodi wenye madini mengi ya salfaidi na mbao za kuegemeza mahandaki, joto likikosa pa kutokea linawasha moto. Moto wa chini ya ardhi uliwaka Jerome kwa miaka mingi, kiasi kwamba sehemu ya juu ya mgodi ikabidi ichimbwe kwa shimo la wazi. Gesi ya dioksidi ya salfa na mvuke vikapanda kwenye nyufa, kama inavyotokea kwenye matundu ya volkano, vikakutana na chuma kwenye kuta za mwamba, na kwenye kingo za nyufa zikaota chumvi: salfeti za chuma za aina aina. Palipo na joto kali na asidi nzito, maji machache tu ndiyo yanayopata nafasi ndani ya fuwele. Palipopoa, yanaingia mengi zaidi. Hatua chache kutoka ufa mmoja hadi mwingine zinaweza kubadilisha madini.

Bila moto pia salfeti hizi huota, ila zile zenye maji mengi zaidi. Kwenye mgodi wa Richmond, Iron Mountain, California, maji yanayochuruzika yamewahi kupimwa yakiwa na pH ya −3.6, asidi kali kupita kiasi, na kuta zake zimeota salfeti za chuma za rangi mbalimbali. Chumvi hizo zinahifadhi asidi na chuma msimu wa kiangazi. Mvua ya kwanza ikinyesha zinayeyuka zote kwa mkupuo na kuingia mtoni. Wenzetu wanaokaa karibu na vifusi vya mgodi wowote wenye pairaiti wanapaswa kulijua hili mapema, kabla mto haujageuka rangi ya kutu.

Kuna mkanganyiko mwingine nitaugusa kwa haraka, kwa sababu huku kwetu unazaliwa mashambani. Salfa tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga ni salfa yenyewe, elementi tupu, unga wa njano. Ukiinyunyiza juu ya maji kwenye glasi inaelea, haiyeyuki. Salfeti ni salfa iliyoungana na oksijeni 4, na salfeti za chuma ninazozizungumzia hapa zinayeyuka. Tupa kipande cha melanteraiti kwenye glasi hiyohiyo, maji yanakuwa ya kijani hafifu, na ukiyaacha yatageuka manjano kisha kahawia kadiri fero inavyogeuka feri. Salfaidi ni kitu cha tatu: salfa iliyoungana na metali bila oksijeni, kama pairaiti. Anayeita zote "salfa" anaweza akamshauri jirani apulize mikorosho kitu kitakachounguza majani.

Sasa swali ninaloulizwa zaidi: je, lausenaiti inaweza kupatikana Mtwara au Lindi? Mimi nisingeitafuta. Inataka pairaiti nyingi inayoungua, na baadaye inataka mahali pasipofikiwa na mvua. Pwani yetu ina hewa yenye unyevu karibu mwaka mzima na mvua za Novemba hadi Aprili. Chumvi ya aina hiyo ingefyonza maji na kubadilika, au ingeoshwa.

Lakini ndugu zake wa mbali wanaweza wakawepo. Matope meusi ya mikoko, yale yanayonuka yai viza, kwa kawaida huwa na chembe ndogondogo za pairaiti. Matope hayo yakifukuliwa kwa ajili ya bwawa la chumvi na kuachwa yakauke, pairaiti inakutana na hewa, udongo unakuwa na asidi, na unaweza kuota utando au madoa ya njano. Mara nyingi rangi hiyo ni jarosaiti, salfeti ya chuma na potasiamu ambayo haina molekuli za maji ndani yake, bali vikundi vya haidroksili, OH. Nayo ndiyo chombo cha Opportunity kiliitambua kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2004, ikawa ushahidi kwamba maji yaliwahi kuwepo pale.

Wapo wanaoniletea utando kama huo kuuliza ni nini, na nawashukuru sana kwa moyo huo. Naomba tu jambo moja libadilike. Wengi wanauanika kwanza juani "ili uwe msafi", kisha wanaufunga kwenye karatasi. Kwa jasi au jarosaiti hakuna neno. Kwa salfeti za chuma zenye maji, jua la saa chache linatosha kuleta madini tofauti na yaliyokuwa ardhini, na mimi nitataja jina la kitu ulichokitengeneza juu ya mkeka. Kwangua kidogo asubuhi, usiuoshe, usiuanike, utie kwenye kichupa kikavu cha kioo chenye kifuniko kinachobana, ujaze hadi juu ili hewa isibaki nyingi. Andika mahali, tarehe, na kama mvua ilinyesha jana yake. Kisha kilete siku hiyohiyo.