Mtoto wa mbwa haanzi kufundishwa akiwa mkubwa

“Ngoja afikishe miezi sita.” Kati ya kauli wanazoambiana wafuga mbwa, hii ndiyo inayoharibu mbwa wengi kuliko zote. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mtoto wa mbwa anajifunza kipi cha kawaida na kipi cha kuogopwa: mtu mwenye kofia, watoto wanaokimbia, mwavuli unaofunguliwa ghafla. Asivyokutana navyo wakati huo huweza kumtia hofu ukubwani, na wengi wanaouma huuma kwa woga. Ukingoja miezi sita, kipindi hicho kimeshapita.

“Asitoke mpaka amalize chanjo.” Hofu hii ina msingi, kwani parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, inaua. Lakini chanjo za utotoni huendelea hadi wiki ya 16 hivi. Basi mbebe mikononi, aone na kusikia dunia. Mkutanishe na mbwa wazima waliochanjwa, ila asikanyage mahali ambapo mbwa usiowajua hujisaidia.

“Anajua kosa lake, mtazame anavyoona aibu.” Masikio yamelala, mkia umefichwa, macho yanakwepa. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alichunguza sura hiyo na kukuta kwamba inaletwa na kukaripiwa, awe mbwa amekosa au hakukosa. Ni woga tu.

Mbwa wangu wa kwanza nilimsugua pua kwenye mkojo wake, kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Siku ya tatu nikahisi harufu, nikasogeza kabati: kumbe alikuwa amehamia huko nyuma. Alichojifunza ni kwamba kukojoa mbele yangu ni hatari, kwa hiyo hata nilipomtoa nje alinisubiri nigeuke. Kosa lilikuwa langu.

Kinachofaa ni kumtoa kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Kwa makadirio, anaweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, hivyo wa miezi miwili usimdai saa tano. Akimaliza, mpe kipande cha nyama palepale. Ukingoja mrudi ndani, atadhani umemtuza kwa kuingia mlangoni.

“Mlaze chali ajue nani bwana.” Wazo hili lilipata nguvu kutokana na maandishi ya mtafiti wa wanyama Rudolf Schenkel ya mwaka 1947 kuhusu mbwa-mwitu waliofungiwa pamoja, wakigombea ubwana. Lakini porini, kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, kama mtafiti wa mbwa-mwitu David Mech alivyoeleza mwaka 1999. Na mtoto wa mbwa si mbwa-mwitu hata kidogo. Ukimbana chini, anachojifunza ni kuiogopa mikono yako.

“Anang’ata, huyu atakuwa mkali.” Anacheza, na baadaye ufizi unamwasha: meno ya utoto hung’oka kati ya miezi 4 na 6 hivi. Akizidisha, acha mchezo, ondoka kidogo, kisha mpe kitu cha kutafuna.

“Akinguruma, mchape.” Ukimnyamazisha kwa kiboko, siku nyingine atauma bila kukuonya. Akingurumia bakuli, usimnyang’anye. Ukipita, kwa umbali ambao bado ametulia, mrushie kipande cha nyama kisha uende zako. Rudia siku kadhaa, ukisogea kidogo kidogo, mpaka akisikia hatua zako ainue kichwa na kutikisa mkia.