Mshale wa maji haupimi joto la moshi
Madereva wengi wa magari ya dizeli yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini) mjini Bukavu huamini kwamba, maadamu mshale wa joto la maji umetulia katikati, injini iko salama. Si kweli. Maji hupata joto polepole, ilhali moshi unaotoka kwenye silinda unaweza kupanda kwa mamia ya digrii katika muda mfupi, hasa gari lililosheheni linapokwea mlima wa Ngomo kutoka Kamanyola, ambako hewa huzidi kuwa nyepesi kadiri barabara inavyopanda.

Kinachohitajika ni kipimajoto cha ekzosi chenye kihisi cha aina ya K (nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani), na mahali kinapofungwa ni muhimu kuliko chapa yake. Kifungwe kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), kabla ya turbo. Kikifungwa baada yake, injini inapovuta mzigo huonyesha joto pungufu kwa digrii 100 au zaidi, na dereva hufarijika bure. Manifoldi ifunguliwe kabla ya kutobolewa, vinginevyo chembe za chuma zitafika kwenye mapanga ya turbo (nusu siku iliyookolewa hivyo ni ghali mno). Waya wa kihisi usirefushwe kwa waya wa kawaida wa shaba, kwani kipimo hupotoka. Kwenye mlima mrefu, wengi huichukulia 700°C kuwa kikomo: ikikaribia, punguza mafuta na ushushe gia.