Mbaazi mbichi ni chakula, zisisubiri mnada zote

Kuanzia Juni hadi Agosti, kutegemea mbegu na tarehe ya kupanda, mashamba ya Masasi, Nanyumbu, Nachingwea na Ruangwa yanakuwa na mbaazi zenye maganda ya kijani yaliyojaa. Nyingine zimechanganywa na mihogo, nyingine zimesimama katikati ya mikorosho. Wakulima wengi wakizitazama wanaona fedha ya mnada: zikauke, zipigwe, zifungwe kwenye magunia, zipelekwe ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Hakuna ubaya, maana mbaazi zinalipa ada na kuezeka nyumba. Ila katika kazi ya lishe tunakuta kaya inayouza magunia ya mbaazi huku watoto wake wanakula ugali wa muhogo kwa mchuzi mwepesi, mchana na usiku. Ombi letu kwa kila mkulima wa mbaazi Mtwara na Lindi ni dogo: tenga mistari michache, ichumwe ikiwa mbichi, iliwe nyumbani.

Kavu na mbichi hazina lishe ileile. Mbaazi kavu ni ghala la protini, karibu gramu 22 katika kila gramu 100, lakini vitamini C yake imeshakwisha. Mbaazi mbichi zina maji mengi, hivyo protini yake kwa uzito huohuo ni gramu 7 hivi, lakini zinakuja na vitamini C karibu miligramu 39, nyuzinyuzi gramu 5, potasiamu ya kutosha, na asidi ya foliki ambayo mama mjamzito anaihitaji sana miezi ya mwanzo. Gramu 100 za punje zilizomenywa ni kama theluthi mbili za kikombe cha chai. Hata baada ya kuchemshwa, kiasi hicho bado kinampa mtu mzima zaidi ya nusu ya vitamini C anayohitaji kwa siku.

Vitamini C hiyo ina kazi nyingine ambayo wengi hawaifahamu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea hayanyonywi kirahisi na mwili kama yale ya nyama na samaki. Yakikutana na vitamini C kwenye mlo mmoja, yananyonywa vizuri zaidi. Ndiyo maana tunashauri kukamulia limao kwenye mboga ya mbaazi, au kula embe, chungwa au papai baada ya mlo. Chai ya rangi inafanya kinyume chake: inayazuia madini hayo. Anayependa chai aisogeze, anywe saa moja au mbili baada ya kula.

Halafu kuna suala la ugali. Mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini ambacho mwili hauwezi kukitengeneza wenyewe, na mbaazi zinacho kwa wingi. Muhogo wenyewe una protini kidogo mno. Kwa hiyo sahani ya ugali wa muhogo na mbaazi haiwezi kulinganishwa na sahani ya ugali wa muhogo na mchuzi wa nyanya, hata kama zote mbili zinashibisha. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo magonjwa na maji yasiyo salama, lakini mlo wa aina moja kila siku umo katika sababu hizo, na huo tunaweza kuubadilisha kwa kilichopo shambani.

Na zile njegere za maganda?

Vijana wanatuuliza kuhusu njegere tamu zinazoliwa na ganda lake, wanazoziona kwenye simu na hotelini. Ni chakula kizuri sana. Aina hiyo ilipatikana kwa kazi ya mtafiti Calvin Lamborn wa Idaho, Marekani, na mbegu yake ilianza kuuzwa mwaka 1979. Njegere za kawaida zina utando mgumu ndani ya ganda. Hizi hazina, ndiyo sababu unazitafuna nzimanzima. Gramu 100 zake mbichi zina vitamini C miligramu 60 hivi na nishati kidogo, kilokalori 42 tu, lakini protini yake haifiki gramu 3.

Njegere ni zao la baridi. Joto likipanda, maua yake hupukutika, na kwa joto la pwani yetu usitegemee mavuno. Zinakubali Lushoto, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Njombe. Zikisafirishwa siku kadhaa kuja huku, sukari yake inageuka wanga njiani na utamu unapungua. Ukizipata zikiwa ngumu na zinavunjika kwa mlio, osha, vuta uzi ulio kwenye mshono wa ganda, kisha uzile mbichi au uzikaange dakika mbili. Zikinyong'onyea, zitie kwenye wali.

Anayetaka ganda la kutafuna lililoota hapahapa, achume kunde zikiwa changa, kabla punje hazijavimba. Azikatekate na kuzipika kama maharage machanga, zinaiva upesi. Ganda la mbaazi lenyewe haliliwi, ni gumu, linafaa mbuzi.

Kuchuma, na tahadhari ya dawa

Ganda la kuchuma ni lile lililojaa, punje zimejichora kwa nje, lakini bado rangi ni ya kijani na linang'aa. Likianza kufifia au kupata manjano, punje imeshakuwa na wanga mwingi na itakawia kuiva. Chuma asubuhi, hifadhi kivulini zikiwa ndani ya maganda, pika siku hiyo au kesho yake. Wenye mbegu ya mbaazi iitwayo Mali, iliyoidhinishwa mwaka 2002, wana bahati ya punje kubwa ambazo hazichoshi kumenya. Mti uliochumwa mapema, kama udongo bado una unyevu, mara nyingi hutoa maua mengine.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ni jambo linalotutia wasiwasi kila mwaka. Msimu wa mbaazi mbichi ndio msimu wa kupulizia mikorosho. Salfa ya unga inayozuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, inasafiri na upepo na kutua juu ya kila kilichopo chini na pembeni, zikiwemo mbaazi unazotaka kumpa mtoto. Dawa za maji za korosho nazo zinarushwa kipindi hikihiki. Na mbaazi zenyewe hupigwa dawa dhidi ya viwavi wanaotoboa maganda. Kwa hiyo mistari ya kuchuma mbichi iwe mbali na mikorosho, upande ambao upepo hautokei kwenye mikorosho hiyo. Kama shamba limepigwa dawa, soma kwenye chupa ni siku ngapi zinatakiwa kupita kabla ya kuvuna, na uziheshimu. Asiyejua kusoma amuulize bwana shamba au muuzaji wa pembejeo. Maganda yaoshwe kwa maji mengi, mara mbili, kabla hayajaingia kwenye sufuria. Kuosha kunaondoa vumbi la juu. Dawa iliyokwisha kuingia ndani ya mmea haiondoki kwa maji.

Jikoni

Njia ya wazee wetu bado ndiyo bora: kuchemsha na maganda yake. Panga maganda sufuriani, tia maji yafike nusu yake, chumvi kidogo, funika. Yakianza kutokota, acha dakika 20 hadi 30. Ganda linakinga punje, na maji yakiwa kidogo vitamini haipotei sana. Ikiiva, unabonyeza ganda kwa kidole gumba, punje zinatoka zenyewe. Hicho ni kitafunwa kamili cha saa kumi, na mtoto anaweza kwenda nacho shuleni kwenye kibakuli chenye mfuniko badala ya biskuti za pakiti. Akina mama mnaouza za kuchemsha stendi na magulioni, mnafanya kazi kubwa ya lishe. Tunawaomba mpunguze chumvi, kwani shinikizo la damu ni tatizo la watu wengi, na mzifunike, nzi wasizifikie.

Kwa mboga, menya punje, zichemshe dakika 15 kwanza. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya na binzari, mimina punje pamoja na tui jepesi, ziache ziive taratibu. Tui zito liingie mwishoni, likoroge, likianza tu kuchemka epua. Pwani ya Mikindani, Lindi na Kilwa nazi zipo. Huko juu Newala na Masasi nazi ikiwa ghali, saga korosho zilizovunjika ambazo hazina soko kubwa, zikoroge na maji ya moto na zitumie mahali pa tui. Mchuzi unakuwa mzito na mtamu, na mafuta ya korosho ni ya aina nzuri kwa moyo.

Wali nao unazipokea vizuri: tia punje zilizokwisha chemshwa wakati mchele unakaribia kukauka. Au pika pamoja na vipande vya muhogo mtamu kwa nazi, jioni ya kufuturu au siku yoyote. Usitie magadi. Mbaazi mbichi zinalainika bila magadi, na magadi yanaharibu vitamini C na vitamini B1. Wala zisiliwe zikiwa mbichi kabisa kama zile njegere. Mbaazi zina vitu vinavyozuia protini kumeng'enywa, na moto ndio unaoviondoa.

Wapo wanaolalamika kujaa gesi. Mbichi zina nafuu kuliko kavu, na tumbo huzoea. Anza na kiasi kidogo, ongeza baada ya siku chache. Mwenye kisukari azile bila hofu, sukari yake huingia kwenye damu polepole. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aulize kwanza kwa daktari wake.

Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza kula mbaazi mbichi zilizopikwa zikaiva vizuri, zikapondwa na kupitishwa kwenye chujio ili maganda ya punje yabaki, kisha zikachanganywa na uji au viazi, huku akiendelea kunyonya. Punje nzima asipewe mtoto mdogo asiyeweza kutafuna vizuri; inaweza kumkaba.

Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliwekea kikomo uingizaji wa mbaazi, tani 200,000 tu, na bei huku kwetu ikaporomoka vibaya. Mauzo ya mbaazi sasa yanapita kwenye stakabadhi ghalani (mkulima anaweka mazao ghalani na kupewa hati) na minada, lakini bei bado inaamuliwa mbali na hapa. Kiasi ambacho familia imekwisha kula hakihusiki na bei hiyo.

Mwenye friji anaweza kuhifadhi hadi msimu wa korosho. Menya punje, zitie kwenye maji yanayochemka dakika mbili, zitoe uzipoze kwa maji baridi, zichuje zikauke, zifunge kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja na uzigandishe. Na mistari uliyoiteua kwa ajili ya mbegu ya mwakani usiiguse. Ifunge kitambaa au ichomekee kijiti ili watoto wajue kwamba hapo hapachumwi.