Sanduku la Barua Pepe Likijaa, Aliyekuandikia Ndiye Anayejua Kwanza

Katika kitengo chetu cha TEHAMA hapa Kampala, swali hili tunalipokea mara kwa mara: "Nimeambiwa nimetumiwa barua, mbona siioni?" Tukifungua akaunti, tunakuta imejaa pomoni. Barua haikupotea njiani. Seva iliikataa, na taarifa ya kukataliwa akapelekewa aliyeituma. Huyo akiwa mtu, huenda akakupigia simu. Lakini ukiwa ni mfumo wa kompyuta unaotuma majibu ya maombi ya kazi au ya ufadhili wa masomo, hakuna wa kukupigia, na nafasi yako inapita hivihivi. Ndiyo sababu nawasihi watu wasisubiri mpaka lile onyo jekundu litokee.

Wengi hudhani wingi wa barua ndio unaojaza sanduku. Sivyo. Barua ya maneno matupu hula kilobaiti chache tu, na unaweza kukaa na maelfu yake miaka na miaka bila shida. Mzigo uko kwenye viambatisho.

Chukua kazi ya wakala wa forodha pale mpakani Malaba au Mutukula. Kontena limetoka Mombasa au Dar es Salaam, na mwenye mali anataka karatasi zote: ankara, hati ya shehena, orodha ya vifurushi. Wakala anapiga picha kila ukurasa kwa simu. Picha moja ya simu za sasa hufika megabaiti 3 hadi 5, kwa hiyo kurasa sita zinakaribia megabaiti 24. Anamtumia mwenye mali, kisha anaisambaza barua ileile kwa bosi wake, kisha kwa mwenzake wa upande wa pili wa mpaka. Kwenye folda ya zilizotumwa sasa zimekaa nakala tatu za picha zilezile, na yeye hata haifungui folda hiyo. Tena kiambatisho hakisafiri kama kilivyo: hugeuzwa kuwa herufi kwanza, na mgeuzo huo huongeza uzito kwa takriban theluthi moja. Hivyo faili ya megabaiti 9 inaweza kukataliwa na seva ya ofisi yenye kikomo cha megabaiti 10, na mtu akabaki anashangaa.

Wenye Gmail wajue jambo jingine. Zile gigabaiti 15 za bure si za barua peke yake. Ni za Drive pia, ile hifadhi ya mafaili ya Google, na tangu Juni 2021 ni za picha mpya unazohifadhi Google Photos. Hata nakala rudufu za WhatsApp za simu za Android sasa zinahesabiwa humo. Kwa hiyo video za harusi ya binamu zinaweza kuzuia barua ya chuo isiingie. Na akaunti ikikaa imezidi kikomo kwa miaka miwili, Google inaweza kufuta vilivyomo.

Dawa yake haihitaji siku nzima. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail andika larger:10M, na barua zote zinazozidi megabaiti 10 zitajipanga mbele yako. Ukitaka za zamani tu, ongeza older_than:2y. Mara nyingi barua chache kati ya hizo ndizo zilizobeba uzito mkubwa, kwa hiyo anza na hizo, usihangaike kufuta matangazo moja moja. Ukishafuta, ingia kwenye Tupio uziondoe na humo, maana barua hukaa huko siku 30 zikiendelea kula nafasi. Kuiweka barua kwenye kumbukumbu (Archive) hakupunguzi chochote. Inatoka tu machoni. Na mnaotumia Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, ofisini, ukifuta barua, diski haipati nafasi mpaka ubane folda (Compact).

Ila kinga ni bora zaidi, na iko kwa mtumaji. Badala ya kupiga picha ya kawaida, tumia programu ya kuskani kwenye simu, chagua nyeusi na nyeupe, utoe PDF moja. Kurasa zilezile sita mara nyingi hushuka chini ya megabaiti 2 na zinasomeka vizuri zaidi. Tukumbuke pia kwamba hapa Uganda bando tunalinunua na ushuru wa asilimia 12 juu yake tangu Julai 2021, na faili nzito hulipiwa mara mbili: na anayeituma na anayeipakua.

Hata hivyo, usifute kwa hasira. Sheria ya Uganda ya Taratibu za Kodi ya 2014 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5 baada ya kipindi husika, na ankara nyingi siku hizi ziko kwenye barua pepe tu. Barua za ofisi ya umma nazo si mali yako binafsi. Muulize mtunza kumbukumbu kabla ya kuzigusa. Zinazohitajika zipakue kwenye diski ya nje, uzipange kwa mwaka na jina la mteja, kisha fungua faili mbili tatu kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinafunguka. Hapo ndipo ufute zile za kwenye sanduku, ukianza na za miaka ambayo hesabu zake zimeshafungwa.