Aurora: chembe nyingi hutokea nyuma ya Dunia, si mbele

Dhana: Aurora, ile mianga ya rangi kwenye anga za karibu na ncha za Dunia, ni chembe za Jua zinazoingia moja kwa moja kwenye ncha hizo na kuwasha anga.

Maelezo haya yanarudiwa kila mahali, na kasoro yake inaonekana kwa macho. Ingekuwa hivyo, aurora ingewaka zaidi upande unaotazama Jua. Lakini ile kali, inayochezacheza, watu wa Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe, huiona nyakati za kuelekea usiku wa manane, Jua likiwa ng'ambo ya pili ya Dunia.

Upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye Jua, huja kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, ukakutana na uga wa sumaku wa Dunia, na sehemu kubwa ikapita kando. Ukipita, huuburuta uga huo upande wa usiku hadi ukawa mkia mrefu unaovuka mzunguko wa Mwezi. Katikati ya mkia kuna tabaka la elektroni na ioni, na humo ndimo zinamotoka chembe nyingi za aurora. Wala si zote za Jua: baadhi ni ioni za oksijeni zilizopanda kutoka angahewa yetu wenyewe.

Ukweli kidogo upo, hata hivyo. Svalbard, visiwa vya Norwe karibu na Ncha ya Kaskazini ambako mchana wa majira ya baridi ni giza, huonekana aurora nyekundu hafifu saa sita mchana. Hiyo kweli ni ya chembe zilizopenya upande wa Jua.

Dhana: Aurora ikilipuka, basi Jua limelipuka muda huohuo.

Wingu linalotupwa na Jua huchukua kwa kawaida siku moja hadi tatu kutufikia. Mlipuko wa ghafla angani ni kazi ya mkia. Nishati hujilimbikiza humo kwa nusu saa au zaidi, mistari ya sumaku (njia za uga wa sumaku ambazo chembe huzifuata) ikivutwa mpaka inakatika na kuungana upya, na chembe zinarushwa kuelekea Duniani.

Aliye chini huona matao tulivu yaliyolala mashariki hadi magharibi. Mara lile la kusini kabisa linang'aa, linajikunja, na baada ya dakika chache mwanga umetapakaa kuelekea kaskazini. Mwanasayansi Syun-Ichi Akasofu wa Alaska ndiye aliyeupanga mfuatano huo mwaka 1964, akitumia kamera zinazopiga anga nzima. Tarehe 26 Februari 2008, satelaiti za THEMIS za NASA zilinasa mistari ikiungana upya mkiani, kama theluthi ya njia ya kwenda Mwezini. Aurora iliwaka dakika moja na nusu hivi baadaye. Ubishi juu ya kipi hutangulia haukuisha kwa wote, lakini hakuna anayelitafuta jibu kwenye uso wa Jua.

Dhana: Tao la aurora ni chembe za mkiani zinazomwagika tu zenyewe.

Hii hata wapenzi wa sayansi huikosea. Mistari ya sumaku hubanana kadiri inavyoikaribia Dunia, na mbano huo huzirudisha juu elektroni nyingi. Ili zishuke kwa wingi zinahitaji msukumo, nao hupatikana njiani: kilomita elfu kadhaa juu yetu kuna uga wa umeme wenye volti elfu kadhaa. Satelaiti ya FAST, iliyorushwa mwaka 1996, ilipita humo na kuupima. Mawimbi ya Alfvén, yanayosafiri kwenye mistari hiyo ya sumaku, nayo husukuma. Mwaka 2021 wanafizikia walionyesha katika maabara ya UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, Marekani, elektroni zikiongezewa kasi na mawimbi hayo. Tao linaweza kuwa na urefu wa kilomita elfu na zaidi, ilhali unene wake ni kilomita chache, pengine mita mia kadhaa.

Dhana: Rangi huja na chembe.

Rangi ni ya hewa inayogongwa. Oksijeni hutoa kijani kwenye kilomita 100 hadi 150 na nyekundu juu ya 200. Naitrojeni huongeza zambarau ukingoni mwa chini.

Dhana: Nairobi hakuna aurora kwa sababu ya joto.

Joto halihusiki. Karibu na ikweta mistari ya sumaku imelala karibu sambamba na ardhi. Hupanda kidogo, ikashuka kizio cha pili bila kuufikia mkia, hivyo chembe za huko hazina njia ya kushukia.